Uthamini wa nyumba na kiwanja, hatua kwa hatua: kutoka barua ya kazi hadi muhuri

Mteja akishakabidhiwa ripoti ya uthamini huutafuta ukurasa mmoja tu, ule wenye shilingi zilizoandikwa kwa tarakimu na kwa maneno, na kurasa nyingine huziacha zilivyo. Mthamini hana ruhusa ya kuisoma kazi yake kwa namna hiyo. Kwake yeye ile namba ndiyo huja mwisho, na nguvu yake yote hutoka kwenye vipimo, picha, nyaraka na mauzo yaliyoitangulia. Kipimo ninachokitumia ni hiki: mthamini mwingine asiyenifahamu, akipewa jalada langu baada ya miaka miwili, aweze kuzifuata nyayo zangu na kufika karibu na pale nilipofika mimi. Akikwama njiani, namba yangu ilikuwa ni maoni tu, hata kama ilikuwa sahihi.

Mwongozo huu unahusu kazi hiyo kama inavyofanyika Tanzania Bara. Nimeuandika kwa ajili ya kijana aliyemaliza Chuo Kikuu Ardhi au chuo cha ardhi cha ngazi ya stashahada na sasa anaanza kutumwa mitaani na futikamba. Mwenye nyumba anayetaka kujua yule mgeni anatafuta nini darini kwake atafaidika pia. Bei na viwango vilivyomo katika mifano ya hesabu ni vya kufundishia tu. Visichukuliwe kuwa bei za mtaa wowote.

Kabla ya kuanza: nani anaruhusiwa kusaini

Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016 ndiyo iliyounda Bodi ya Usajili wa Wathamini na kuyaweka bayana mamlaka ya Mthamini Mkuu wa Serikali. Shahada inakufungulia mlango, lakini haikupi saini. Utafanya kazi chini ya mthamini aliyesajiliwa kikamilifu, ukipima, ukiandika na kukokotoa, na yeye ndiye atakayebeba dhamana ya kile kilichoandikwa hadi Bodi itakaporidhika nawe. Usiuone muda huo kuwa ni wa kubebeshwa mikoba. Mkague bosi wako kwa macho: anauliza nini kwanza akifika uwanjani, anakataa kazi zipi, anafuta nini katika rasimu yako. Mengi ya hayo hayamo katika vitini vya darasani.

Hatua ya kwanza: barua ya kazi

Usitoke ofisini bila maagizo ya maandishi. Barua ya kazi itaje mambo manne: mali ipi, haki gani juu ya mali hiyo, thamani ya tarehe ipi, na kwa madhumuni gani. Hilo la nne ndilo linalopuuzwa zaidi, na ndilo linalobadilisha kila kitu.

Chukua nyumba moja iliyoko Tabata. Benki inayotaka kuipokea kama dhamana itauliza ingeuzwa kwa kiasi gani sokoni leo, na tena ingepata kiasi gani kama ingelazimika kuuzwa haraka kwa mnada. Kampuni ya bima haijali kiwanja hata kidogo, kwa kuwa kiwanja hakiungui. Inataka gharama ya kuijenga upya nyumba hiyo, pamoja na kuondoa kifusi na ada za wataalamu. Warithi wanaogawana mirathi wanaweza kuhitaji thamani ya tarehe aliyofariki marehemu, ambayo si ya leo. Serikali ikiutwaa mtaa huo kwa ajili ya barabara, sheria inaongeza posho ambazo mnunuzi wa kawaida asingezilipa kamwe. Hizo ni namba nne au tano tofauti kwa nyumba ileile, na zote zinaweza kuwa sahihi. Ndiyo maana mteja anayekuja na ripoti ya bima mkononi akidai kuwa benki imemdhulumu hastahili kuchekwa, anastahili kuelezwa.

Wapo pia wanaodhani kuwa mthamini amekuja kuwaongezea kodi ya majengo. Waeleze kwa upole kwamba tangu Julai 2021 nyumba zenye umeme hulipia kodi hiyo kupitia LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, kwa kiwango maalumu, bila kujali kama sakafu ni ya vigae au ya saruji.

Ada nayo ikubaliwe hapohapo, kwa maandishi, na isifungamane na thamani utakayoifikia. Mteja akisema atakuongezea ikiwa namba itautosha mkopo anaouomba, hiyo si ada tena.

Hatua ya pili: nyaraka kabla ya safari

Omba nakala ya hati, ramani ya upimaji, stakabadhi za kodi ya pango la ardhi na, kama jengo lilipata, kibali cha ujenzi. Kisha fanya upekuzi rasmi katika ofisi ya Msajili wa Hati, kwa sababu nakala aliyonayo mteja inaonyesha hali ilivyokuwa siku ilipotolewa, wakati daftari la Msajili linaonyesha rehani, zuio na uhamisho uliofuata. Angalia muda uliobaki katika hati na masharti ya matumizi: kiwanja cha makazi kilichojengwa gereji hakithaminiwi kama kiwanja cha biashara kwa sababu tu kuna magari mlangoni.

Maeneo mengi ya miji yetu hayana hati. Utakuta leseni ya makazi au, mara nyingi zaidi, mkataba wa mauziano ulioshuhudiwa katika ofisi ya serikali ya mtaa. Vijijini utakutana na hati ya hakimiliki ya kimila. Kila kimoja kina uzito wake sokoni, na wajibu wako ni kuandika ulichokiona bila kukipandisha cheo. Usiandike „mmiliki” pale ambapo ushahidi ulio nao unakuruhusu kuandika tu kwamba fulani alionyesha mkataba wa tarehe fulani.

Katika miaka yangu ya mwanzo nilipelekwa uwanjani na kijana aliyejitambulisha kuwa mdogo wake mteja. Alinionyesha nyumba safi, yenye bati la msauzi jekundu na geti la chuma. Nilikuwa nimekwisha kupima pande tatu pale mama mmoja alipotoka na kanga yake begani, akanitazama kidogo, kisha akasema: „Mwanangu, hapo unapopima ni kwangu. Ya kaka yake ni ile pale, yenye bati lenye kutu, nyuma ya mnazi.” Kijana alikuwa ameshatoweka. Hati ilikuwa ndani ya mkoba wangu, namba ya kiwanja ilikuwa sahihi, na ramani nilikuwa nayo. Nilichokuwa sijakifanya ni kuzitafuta bikoni, zile alama za mipaka zilizosimikwa ardhini, na kuzilinganisha na ramani hiyo. Tangu siku ile sianzi kufungua futikamba kabla sijasimama kwenye bikoni, na mahali ambapo hazionekani huomba mpima ardhi azifufue, au naandika wazi katika ripoti kuwa mipaka nilionyeshwa kwa kidole.

Hatua ya tatu: siku ya ukaguzi

Nenda mchana, na kama inawezekana nenda baada ya mvua. Hakuna fundi rangi anayeweza kuishinda mvua ya masika katika kusema ukweli kuhusu nyumba.

Anza nje ya kiwanja. Ikiwa mali inapakana na barabara kuu au ya mkoa, pima kutoka katikati ya barabara: Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliipanua hifadhi ya barabara hadi mita 30 kila upande, kutoka mita 22.5 za awali, na nyumba iliyomo ndani ya hifadhi haiwezi kuandikwa kana kwamba ipo salama. Tafuta alama ya X ukutani, inayoonyesha jengo la kubomolewa, hata chini ya rangi mpya, kwa kuwa nimeona ikipakwa chokaa wiki moja kabla ya ukaguzi. Ikiwa ni ufukweni, kando ya ziwa au mto, kumbuka mita 60 zinazolindwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Katika maeneo ya mabondeni, kama yale yanayopakana na Mto Msimbazi jijini Dar es Salaam, waulize majirani maji yalifika wapi mara ya mwisho. Watakuonyesha mstari wa tope ukutani kwa usahihi unaoshinda ripoti nyingi.

Kisha pima jengo kwa nje, ukuta hadi ukuta, huku ukichora. Mchoro uchorwe palepale kwa penseli, pembe kwa pembe, na kabla hujaondoka jumlisha vipimo vya upande wa mbele na uone kama vinalingana na vya nyuma. Visipolingana, kuna pembe umeiruka, na ni nafuu kuigundua ukiwa bado umesimama kwenye jua kuliko ukiwa mezani kilomita arobaini mbali. Kipimo cha leza kinarahisisha kazi, lakini juani doa lake halionekani vizuri, hivyo futikamba isiachwe nyumbani.

Ndani, andika vifaa vya kila chumba kwa majina yake: sakafu ni ya vigae, ya taruzo au ya saruji, dari ni ya jipsamu au ya mbao, madirisha ni ya aluminiamu au ya nyavu na grili, milango ni ya mninga au ya mbao laini iliyopakwa rangi ya mninga. Fungua bomba. Vuta maji ya choo. Uliza kama maji taka yanakwenda kwenye bomba la mamlaka ya maji au kwenye shimo, na shimo liko wapi, kwa sababu mara kwa mara utakuta limechimbwa upande wa jirani.

Nyufa zinataka subira. Ule mwembamba kama unywele, unaotawanyika ovyo juu ya lipu, mara nyingi ni wa lipu yenyewe iliyokauka haraka. Unaopaswa kukushtua ni ufa unaopanda kama ngazi ukifuata maungio ya matofali, hasa unapoanzia pembe ya dirisha na kupanuka kadiri unavyopanda; huo unazungumzia msingi. Ingiza ukingo wa sarafu ndani yake, upige picha sarafu ikiwa mle ili ukubwa uonekane, na utazame upande wa pili wa ukuta uleule. Ikiwa kuna kabati limesimama peke yake katikati ya ukuta mtupu, omba kwa adabu lisogezwe. Karibu na bahari, angalia lipu kuanzia sakafuni hadi usawa wa goti: chumvi huifanya ivimbe na kumomonyoka kama unga, na nondo zilizomo ndani ya lenta, yaani boriti ya juu ya milango na madirisha, hupasua zege zikianza kushika kutu. Darini, gonga kenchi, zile mbao zinazobeba paa, kwa ncha ya bisibisi. Mbao iliyoliwa na mchwa hutoa sauti ya boksi tupu.

Piga picha nyingi kuliko unavyodhani utazihitaji, ikiwemo moja ya mita ya umeme yenye namba inayosomeka na moja ya mtaa mzima ukiwa umeipa nyumba mgongo, ili msomaji aone nyumba inatazama nini.

Hatua ya nne: kuusaka ukweli wa bei

Sehemu hii ndiyo ngumu kuliko zote. Soko letu la ardhi haliweki bei zake hadharani. Dalali anakutajia bei ya kuulizia, ambayo tayari imewekewa cha juu. Mkataba wa mauziano nao huweza kuonyesha kiasi kidogo kuliko kilicholipwa, kwa kuwa baadhi ya wauzaji huogopa kodi ya faida itokanayo na mauzo. Ukichukua bei ya dalali peke yake utapaa; ukichukua ya mkataba peke yake utazama.

Njia niliyoiona inafaa ni kumtafuta mnunuzi. Muuzaji ana sababu za kuficha, dalali ana sababu za kukuza, lakini mnunuzi aliyekwisha kulipa na kuhamia mara nyingi anapenda kusimulia, hasa ukimkuta jioni anamwagilia miche yake mipya. Mwulize alilipa kwa mkupuo au kwa awamu, lini, na kama bei ilijumuisha vifaa vya ujenzi vilivyokuwa uwanjani. Yaandike hayo kwenye kadi ya mauzo: mahali, ukubwa, tarehe, aina ya umiliki, bei, na nani alikuambia. Mthamini wa miaka kumi mwenye kadi mia nne za namna hiyo ana mtaji ambao hauwezi kununuliwa.

Tuseme kiwanja tunachokithamini kina mita za mraba 600, kimepimwa, kina hati, na kiko mita 200 kutoka lami. Umepata mauzo matatu. Cha kwanza, mita za mraba 500, kiliuzwa Sh 40,000,000, yaani Sh 80,000 kwa mita. Kinafanana na chetu kwa kila hali, ila kiliuzwa miezi minane iliyopita, na kwa ushahidi wa mtaa huo unaongeza asilimia 5, hivyo kinakuwa Sh 84,000. Cha pili, mita za mraba 720, kiliuzwa Sh 50,400,000, yaani Sh 70,000 kwa mita, lakini hakina hati. Unaongeza asilimia 15 na kupata Sh 80,500. Cha tatu, mita za mraba 400, kiliuzwa Sh 36,000,000, yaani Sh 90,000 kwa mita, nacho kinagusa lami. Unapunguza asilimia 10 na kubaki na Sh 81,000. Namba tatu zilizoanza zikiwa zimetawanyika kati ya 70,000 na 90,000 sasa zimekusanyika kati ya 80,500 na 84,000, na huko kukusanyika ndiko kunakokupa ujasiri. Ukichagua Sh 81,000, kiwanja kinakuwa na thamani ya Sh 48,600,000.

Angalia kwamba kila asilimia uliyoongeza au kupunguza nayo inadai ushahidi. Ile 15 ya hati haikutoka hewani. Ilitoka kwenye jozi za viwanja jirani, kimoja chenye hati na kingine kisicho nayo, vilivyouzwa karibu wakati mmoja. Kama hujawahi kuipata jozi ya namna hiyo, umeibuni, na anayejua kazi hii ataiona.

Hatua ya tano: jengo na hesabu yake

Nyumba ya kuishi ambayo mauzo ya kufanana nayo ni machache huthaminiwa kwa gharama: ardhi kwa bei ya soko, kisha jengo kwa gharama ya kulijenga leo ukitoa uchakavu. Nyumba yetu ina mita 12.40 kwa 9.60, sawa na mita za mraba 119.04, na ukitoa kibaraza kilichoingia ndani cha mita 3.00 kwa 1.80 unabaki na 113.64. Kwa kiwango cha mfano cha Sh 600,000 kwa mita ya mraba, gharama ni Sh 68,184,000. Uchakavu wa asilimia 15 unaifikisha Sh 57,956,400. Kibaraza, ukuta wa uzio na geti ulivyovithamini peke yake viwe Sh 4,000,000. Pamoja na kiwanja, jumla ni Sh 110,556,400, nawe utaandika Sh 110,500,000, kwa kuwa zile elfu hamsini na sita na mia nne za mwisho zinajifanya kuwa na usahihi ambao hakuna mthamini aliye nao.

Uchakavu usiusome kwenye jedwali la umri peke yake. Nyumba ya miaka thelathini iliyotunzwa yaweza kuishinda ya miaka minane iliyojengwa kwa mchanga wa baharini. Kuna pia uchakavu wa mpangilio: vyumba vya kupitiana, choo kimoja cha nje kwa nyumba ya vyumba vitano, jiko lisilo na dirisha. Haurekebishwi kwa rangi, na mnunuzi anauona akiwa bado mlangoni.

Benki ikitaka thamani ya mauzo ya haraka, asilimia 75 ya kiasi hicho ingekuwa Sh 82,875,000. Lakini usiwe na asilimia moja ya kudumu kwa mali zote. Nyumba ya kawaida ya mtaa wa kawaida hupata wanunuzi hata kwa mnada. Jumba la vyumba tisa katikati ya shamba halipati, na pengo lake linapaswa kuwa pana zaidi.

Nyumba ya wapangaji huthaminiwa kwa kodi inayoingiza. Vyumba sita vya Sh 70,000 kwa mwezi huleta Sh 5,040,000 kwa mwaka. Ukitoa asilimia 20 kwa ajili ya vyumba vinavyokaa vitupu, matengenezo na usimamizi, hubaki Sh 4,032,000. Ikiwa mauzo ya nyumba za namna hiyo katika eneo hilo yanaonyesha kuwa wawekezaji hukubali pato halisi la asilimia 7 ya bei, unagawa kwa 0.07 na kupata Sh 57,600,000. Wasikilize wapangaji wenyewe kuhusu kodi wanayolipa. Kodi anayoitaja mwenye nyumba hupanda siku mthamini wa benki anapokuja, na hushuka siku anapokuja mtu wa mapato.

Hatua ya sita: kazi ya fidia

Hapa uzito wa kazi unabadilika. Katika mkopo mteja amekuita; katika fidia umewaendea watu ambao hawakukuita, na wengi wao hawatauza tena ardhi nyingine maishani. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe kwa wakati, na kanuni za mwaka 2001 zinaeleza inavyokokotolewa.

Mkutano wa hadhara hutangulia. Simama mbele ya wananchi pamoja na viongozi wa mtaa au kijiji, eleza mradi, eleza kila kipengele cha fidia kwa Kiswahili kinachoeleweka, na ujibu maswali hata yale ya hasira. Baada ya hapo pita kwa kila mwenye mali, mbele ya kiongozi wa eneo, ukipima jengo na kuhesabu mazao. Mazao huhesabiwa shina kwa shina na kuandikwa kwa umri wake, kwa kuwa mnazi unaozaa na mche wa mnazi havina bei moja, na thamani yake hufuata viwango vilivyoidhinishwa. Hapa ndipo ugomvi huzuka, na dawa yake ni kuhesabu kwa sauti pamoja na mwenye shamba, mkitia alama ya chokaa kila mti mliouhesabu. Mwenye mali hupigwa picha akiwa mbele ya mali yake, ameshika kibao chenye namba ya jalada kifuani. Fomu husainiwa hapohapo, na asiyejua kusoma husomewa kabla ya kuweka dole gumba. Makaburi yana sheria yake ya kuhamishwa ya mwaka 1969, na familia iulizwe mapema kuhusu taratibu za dini na mila zake.

Tuseme ardhi na maendelezo ya familia moja yana thamani ya Sh 40,000,000. Posho ya usumbufu hupatikana kwa kuzidisha thamani hiyo kwa wastani wa riba ya amana za muda maalumu za benki za biashara. Ikiwa wastani ni asilimia 8, posho ni Sh 3,200,000. Posho ya makazi ni kodi ya soko ya nyumba hiyo kwa miezi 36, hivyo kwa kodi ya Sh 150,000 ni Sh 5,400,000. Posho ya usafiri ni gharama ya kusafirisha tani 12 za mizigo ndani ya kilomita 20. Kwa mfano wa Sh 1,500 kwa tani kwa kilomita, ni Sh 360,000. Jumla ni Sh 48,960,000. Mwenye kiwanja kitupu hapati posho ya makazi wala ya usafiri, na ni vema alijue hilo mkutanoni kuliko kulikuta kwenye jedwali.

Mwenye biashara hulipwa upotevu wa faida: faida halisi ya mwezi kwa miezi 36. Kanuni inatarajia hesabu zilizokaguliwa. Mama lishe ana daftari la madeni na kumbukumbu ya kichwani. Mimi huketi naye asubuhi nzima, nikahesabu sahani, nikauliza bei ya mchele na mkaa sokoni, nikaandika makadirio hayo pamoja na jinsi nilivyoyapata, kisha nikamwachia mwidhinishaji aamue. Kumwandikia sifuri kwa sababu hana mkaguzi wa hesabu ni uvivu uliovaa suti ya sheria.

Jedwali la fidia huidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali kabla ya mtu yeyote kulipwa. Malipo yakichelewa zaidi ya miezi sita, mwenye mali anastahili riba. Ikipita miaka miwili bila kulipwa, uthamini ule umekwisha nguvu na lazima urudiwe. Tarehe ya uthamini iandikwe kwa maandishi makubwa juu ya kila jedwali, kwa maana ndiyo tarehe ambayo mwananchi ataihesabu kwa vidole.

Hatua ya saba: ripoti, saini na jalada

Ripoti iandikwe kwa mpangilio huohuo wa kazi: maagizo, umiliki, mahali, jengo, soko, njia ya hesabu, thamani. Ulichokiona kitenganishwe na ulichoambiwa, kwa maneno. „Mita ya maji ilikuwepo” na „mwenye nyumba alieleza kuwa maji hutoka kila siku” ni taarifa mbili tofauti. Sehemu ambazo hukuruhusiwa kuingia zitajwe kwa majina: chumba cha mashariki kilikuwa kimefungwa, darini hakukuwa na mlango. Ripoti inayohitaji kuidhinishwa ipelekwe ofisi ya Mthamini Mkuu ikiwa na viambatisho vyote, maana hukwama zaidi kwa picha au nakala iliyokosekana kuliko kwa hesabu.

Mteja akipiga simu kabla ya saini akiomba „ipande kidogo tu, mkopo utoshe”, mwombe alete mauzo ambayo hukuyaona. Akileta, yapime kwa haki, na yakithibitika badilisha namba na uandike sababu. Asipoleta, namba ibaki.

Nakala ya ripoti ikishatoka, funga jalada lenye barua ya kazi, matokeo ya upekuzi, mchoro wa penseli hata kama umechafuka kwa vumbi, kadi za mauzo yaliyotumika, picha zote zikiwemo zisizoingia kwenye ripoti, na karatasi ya hesabu yenye mafuto yake. Mchoro uliochorwa upya kwa kompyuta uwekwe juu ya ule wa penseli, usiwekwe badala yake.